Barcelona na Kilemba cha Kitanda

Pale barabara ya Passeig de Gràcia inapokutana na Diagonal, katikati ya Barcelona, kuna jengo refu ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ofisi za Deutsche Bank. Mwaka 2014 kampuni ya uwekezaji ya KKH ililinunua ili iligeuze kuwa hoteli ya Four Seasons. Mwaka uliofuata Ada Colau alichaguliwa meya, na Julai 2015, kabla hata hajakizoea kiti, akasimamisha utoaji wa vibali vya malazi ya watalii mji mzima. Hoteli ile ikafia kwenye karatasi. Jengo lakini halikurudi kuwa ofisi, wala mwalimu au dereva wa basi hakupata chumba humo. Limekuwa nyumba 34 za kifahari zenye jina la Mandarin Oriental, zinazouzwa kwa mamilioni ya euro.

Naanza na jengo hilo kwa sababu habari za Barcelona hutufikia nusunusu. Sote tuliziona picha za Julai 2024: waandamanaji wamebeba bastola za maji za watoto, wanawarushia watalii waliokaa mezani wanakula. Wengi tukahitimisha kwamba watu wa mji ule wamechoka na wageni, basi. Mimi nimezifuatilia siasa za vitanda vya Barcelona kwa muda, na ninaamini ugomvi wenyewe uko mahali pengine. Uko kwenye kibali cha kumlaza mgeni: nani anacho, nani hawezi kukipata tena, na faida yake inaishia mfukoni mwa nani.

Mwaka 1990 Barcelona ilikuwa na hoteli 118 na vitanda visivyofika 19,000. Ulikuwa mji wa viwanda na bandari, na bahari yenyewe ilikuwa imefichwa nyuma ya reli na maghala. Michezo ya Olimpiki ya 1992 iliubadilisha. Reli za pwani ziliondolewa au kufukiwa, fukwe zikatengenezwa, kijiji cha wanamichezo kikajengwa Poblenou na minara miwili ya mita 154 ikasimama ukingoni mwa maji. Mwaka 1993 manispaa na chama cha wafanyabiashara wakaunda taasisi ya pamoja, Turisme de Barcelona, ya kuutangaza mji. Mwaka 2004 likaanzishwa shirika la ndege za bei nafuu la Vueling, makao yake yakiwa hapohapo. Kuanzia 2006 kongamano kubwa la dunia la kampuni za simu likahamia Barcelona, na siku hizi huleta watu zaidi ya 100,000 kwa wiki moja. Mwaka 2024 mji huo ulipokea watalii zaidi ya milioni 15. Uwanja wa ndege wa El Prat ulihudumia abiria milioni 55, na abiria wa meli za kitalii walipita milioni tatu na nusu.

Mji wenyewe una wakazi kama milioni 1.7 kwenye kilomita za mraba zipatazo 100. Mbele bahari, nyuma milima ya Collserola, kulia na kushoto mito ya Llobregat na Besòs na miji mingine iliyokwisha jaa. Barcelona haina pa kupanukia. Dar es Salaam ikizidiwa, watu huenda Chanika, huenda Kibaha. Barcelona kila kitanda cha mgeni kimechukua nafasi ya kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni chumba cha mkazi.

Kiswahili kina maneno mawili yanayonisaidia kuielewa hali hiyo: mwenyeji na mwenye nyumba. Katika adabu zetu mtu huyo ni mmoja. Anayempokea mgeni ndiye anayemlaza, ndiye anayesikia akikohoa usiku, ndiye anayejua lini ataondoka. Barcelona iliwatenganisha. Mwenye nyumba aliweka ufunguo kwenye kisanduku chenye namba za siri ukutani, akaenda zake kuishi kwingine, pengine nchi nyingine. Mwenyeji akabaki kuwa jirani wa ghorofa ya pili: yule anayepanda ngazi na mzigo wa sokoni saa moja asubuhi huku wageni wanarudi kutoka disko, anayesikia magurudumu ya masanduku kwenye vigae, na asiyepata hata senti ya kile ambacho mgeni amelipa.

Agosti 2014 jambo hilo lilipasuka mtaa wa Barceloneta. Ni mtaa wa zamani wa wavuvi na makuli wa bandari, na nyumba zake nyingi ni robo ya nyumba ya awali iliyokatwa vipande, vyumba vyenye mita za mraba kama 30 tu. Vijana wa Kiitaliano walipigwa picha wakizurura uchi mchana kweupe, wakaingia hata dukani. Wakazi walitoka barabarani siku kadhaa mfululizo, na wengi wao walikuwa wazee waliozaliwa palepale. Picha ya wale vijana ndiyo iliyosambaa, ila mabango ya wazee yalizungumzia nyumba za kupangisha watalii. Mwaka huohuo manispaa, iliyokuwa bado mikononi mwa meya Xavier Trias wa mrengo wa kulia, ikaacha kutoa leseni mpya za nyumba hizo. Nalitaja hili kwa makusudi, maana hudhaniwa kwamba breki zote zilikanyagwa na Colau na wanaharakati wenzake.

Colau alikwenda mbali zaidi. Januari 2017 baraza la mji lilipitisha mpango unaojulikana kwa herufi zake, PEUAT, unaoamua wapi malazi ya watalii yanaweza kuwepo. Mji uligawanywa kanda. Katika kanda ya kwanza, yaani mji mkongwe na maeneo ya jirani, hoteli mpya ni marufuku, na hoteli ikifungwa nafasi yake haijazwi na nyingine. Katika kanda ya pili ikifungwa moja inaweza kufunguliwa nyingine isiyozidi ile. Pembezoni zaidi ukuaji unaruhusiwa kwa kipimo. Mahakama iliubatilisha mpango huo mwaka 2019, manispaa ikauandika upya, na toleo la pili likaanza kazi 2022.

Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mpango kama huo ulihitajika. Mji usiopanga vitanda vyake hupangiwa na wenye fedha. Hata hivyo mpango huo uliacha kitu kimoja bila kukigusa.

Mfanyabiashara wa Kariakoo atakielewa haraka kuliko mwanauchumi. Fremu ya duka kwenye mtaa unaouza haipatikani kwa kulipa kodi peke yake. Unalipa kwanza kilemba, fedha ya kumtoa aliyemo au ya kumridhisha mwenye jengo, na kilemba hicho kinaweza kuzidi kodi ya miaka. Nairobi wanakiita gudwili. Hakilipii tofali, wala rangi, wala ukarabati. Kinalipia ukweli mmoja tu: kwamba fremu ni chache na wanaozitaka ni wengi. Siku serikali ikitangaza kwamba Kariakoo haitajengwa fremu nyingine, kesho yake kilemba kitapanda, na kitapanda kwa walewale waliokwishaingia, bila wao kunyanyua hata chepe.

Hicho ndicho kilichotokea kwa kitanda cha Barcelona. Manispaa ilifunga mlango, na waliokuwa ndani wakatajirika kwa kuwa ndani. Nyumba yenye leseni ya kupangisha watalii hutangazwa na madalali kwa kutaja leseni hiyo kwenye mstari wa kwanza, na huuzwa ghali kuliko ya jirani yenye vyumba vilevile na dirisha lilelile. Hoteli iliyokuwa na kibali kabla ya 2015 ilipata zawadi ambayo hakuna mshindani mpya angeweza kuinunua isipokuwa kwa kuinunua hoteli nzima. Ndiyo maana fedha za mifuko ya uwekezaji zimeendelea kumiminika mji ule wakati ujenzi umebanwa: mnunuzi analipia jengo, na ndani ya bei amelipia pia kibali.

Upande wa pili, mtazame aliyebaki nje. Mnara wa Agbar, ule wenye umbo la risasi uliobuniwa na Mfaransa Jean Nouvel, ulinunuliwa mwaka 2013 na Emin Capital kwa euro milioni 150 ili uwe hoteli ya Hyatt. Kibali hakikutoka. Januari 2017 ukauzwa kwa Merlin Properties kwa milioni 142, ukabaki ofisi. Mnara maarufu, katika mji uliokuwa unafurika watalii, ukapoteza thamani ndani ya miaka mitatu minne. Kilichopungua ni kile ambacho hakikuwahi kuwemo: ruhusa ya kuweka vitanda.

Sasa tufike kwenye uamuzi mkubwa zaidi. Novemba 2023 serikali ya Catalonia, jimbo la Hispania ambalo Barcelona ni mji mkuu wake, ilitoa sheria inayosema kwamba leseni ya nyumba ya watalii, katika miji yenye uhaba wa makazi, inadumu miaka mitano, na baada ya hapo itaendelea tu kama manispaa itakubali. Juni 2024 meya wa sasa, Jaume Collboni, akatangaza kwamba Barcelona haitakubali. Leseni zote 10,101 zitakoma Novemba 2028. Hoja yake ilikuwa fupi: kodi za nyumba zimepanda asilimia 68 ndani ya miaka kumi, na bei za kununua asilimia 38. Chama cha kihafidhina cha Partido Popular kilikwenda Mahakama ya Katiba, nayo Machi 2025 ikasema sheria hiyo ni halali.

Wenye nyumba hizo, kupitia chama chao cha Apartur, wanajibu kwamba wao ni karibu asilimia moja tu ya nyumba zote za mji na haiwezekani wawe chanzo cha janga lote. Hesabu yao ni sahihi na hitimisho lao linapotosha. Asilimia moja haikutawanywa sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Sehemu kubwa kuliko zote iko wilaya ya Eixample, kwenye mitaa ileile, wakati mwingine jengo zima. Na bei ya nyumba haiwekwi na nyumba zilizokwisha kaliwa. Inawekwa na zile chache zinazoingia sokoni mwezi huu. Ongeza 10,000 kwenye zile chache, utaona tofauti. Manispaa yenyewe inasema tangu 2016 imeamuru kufungwa kwa nyumba zisizo na leseni zipatazo 9,700, na karibu 3,500 zimerudi kuwa makazi ya kudumu. Pima pengo kati ya namba hizo mbili kabla hujaahidiwa kwamba zote 10,101 zitapata wapangaji wa kudumu.

Nyumba hizo zina pa kukimbilia. Sheria ya Hispania inaruhusu mkataba wa msimu, wa miezi kadhaa, kwa mwanafunzi au mtaalamu wa kigeni anayepita, na Catalonia ilipoweka kikomo cha kodi za nyumba Machi 2024 wamiliki wengi walikwepea huko. Mwanzoni mwa 2025 jengo la Casa Orsola, hapohapo Eixample, likawa alama ya mapambano hayo. Mwekezaji alilinunua na kutaka kuwatoa wapangaji wa siku nyingi, umati ukalala mlangoni kuzuia mwalimu asifurushwe, na hatimaye manispaa pamoja na taasisi ya makazi ya Hàbitat3 wakalinunua kwa euro milioni 9.2. Nilifurahi siku ile. Lakini mji hauwezi kununua kila jengo.

Linalonisumbua zaidi ni jambo lisilojadiliwa vya kutosha. Nyumba zile zina vitanda takriban 60,000. Hoteli za mji zina zaidi ya 70,000. Novemba 2028 sehemu kubwa ya malazi itatoweka kwa siku moja, wakati kanisa la Sagrada Família bado linavuta watu karibu milioni tano kwa mwaka na ndege bado zinatua. Baadhi ya wageni hao hawatakuja tena, na hilo ni sehemu ya lengo. Waliobaki watagonga mlango wa hoteli. Hoteli mpya haziruhusiwi katikati ya mji. Kwa hiyo zile zilizopo zitapandisha bei, na kilemba kitapanda pamoja nazo.

Nani atakipokea? Si lazima awe Mkatalani. Hoteli ya W, ile yenye umbo la tanga ufukweni pale Barceloneta, ilinunuliwa mwaka 2013 na Qatari Diar, kampuni ya fedha za dola ya Qatar, kwa takriban euro milioni 200. Chapa ya mlangoni ni ya Marekani. Sina tatizo na mtu wa Doha kumiliki hoteli Ulaya, kama nisivyo na tatizo na Mhispania kumiliki hoteli Zanzibar, nao wako wengi. Ninachosema ni kwamba manispaa inapopunguza vitanda kwa niaba ya wakazi, inatengeneza utajiri mpya, na mpaka sasa utajiri huo unaelekea kwa wenye hoteli, popote walipo.

Utajiri huo haujawafikia pia wanaofanya kazi ghorofani. Tuwazungumze wanawake wanaosafisha vyumba, kwa sababu bila wao hakuna nyota hata moja. Hispania wamejipa jina, Las Kellys, kifupi cha maneno yenye maana ya "wale wanaosafisha". Mageuzi ya sheria ya kazi ya mwaka 2012 yaliruhusu mkataba wa kampuni moja kuushinda mkataba wa sekta nzima. Hoteli nyingi zikatumia mwanya huo kuwatoa wasafishaji kwenye orodha zao na kuwakabidhi kwa kampuni za wakala, na mishahara ikaporomoka. Wengine walieleza hadharani kwamba walilipwa kwa chumba, euro mbili au tatu kila kimoja. Chumba cha mgeni aliyelipa mamia kwa usiku. Maumivu ya mgongo, mabega na viganja yakawa sehemu ya kazi, na dawa za kutuliza maumivu zikawa za kila siku.

Mageuzi ya Desemba 2021 yalirudisha sehemu ya haki hizo, na wanawake wale ndio walioipigania sehemu kubwa. Tawi lao la Barcelona lilifika hadi kuchangisha fedha ili kuanzisha tovuti yao ya kuweka nafasi za hoteli, itakayoorodhesha tu zile zinazowatendea wafanyakazi vyema. Wengi wao ni wahamiaji, wanaokaa mbali kwa sababu kodi ya karibu hawaiwezi. Jioni wanarudi kwa treni miji ya pembeni, asubuhi wanakuja kutandika vitanda vilivyowasukuma nje.

Basi kuna chombo gani cha kukirudisha kilemba kwa mji? Kipo kimoja kinachotumika vibaya, nacho ni kodi ya kitanda, yaani ushuru anaotozwa mgeni kwa kila usiku. Catalonia ilianza kutoza kodi hiyo Novemba 2012, na Barcelona ikaongeza ya kwake juu. Kufikia Oktoba 2024 mgeni wa hoteli ya nyota tano alilipa euro 7.50 kwa usiku, wa nyota nne 5.70, kwa usiku usiozidi saba. Watalii wawili, usiku tatu, nyota nne: euro 34.20. Siyo kidogo, lakini ni kiasi kisichosogea. Wiki ya kongamano la simu, bei za vyumba zinaporuka mara kadhaa, mgeni alilipa 5.70 ileile ya Jumanne tulivu ya Januari. Ongezeko lote linabaki kwa mwenye hoteli.

Amsterdam wameliona hilo. Tangu 2024 wanatoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Chumba kikiuzwa euro 100 mji unapata 12.50, kikiuzwa 400 unapata 50. Nao wamefunga mlango, pengine kwa nguvu zaidi: kuanzia Aprili 2024 hoteli mpya inaruhusiwa tu pale nyingine inapofungwa, na vitanda visiongezeke. Lakini bei inayopanda kwa sababu ya mlango huo inawarudia wakazi kwa sehemu. Barcelona ingeweza kudai njia hiyo kutoka bunge la Catalonia, na kuielekeza fedha yake moja kwa moja kwenye ununuzi wa nyumba kama ule wa Casa Orsola.

Wenye hoteli watasema utalii unachangia kama asilimia 14 ya uchumi wa mji na usichezewe. Ni kweli unachangia. Hakuna anayewaomba wafunge. Mwenye hoteli ya kanda ya kwanza amelindwa dhidi ya ushindani na sheria ya umma kuliko mfanyabiashara mwingine yeyote mjini, na ulinzi huo hakuulipia.

Kuna tofauti moja ningependa diwani yeyote wa Barcelona aulizwe hadharani kabla ya 2028. Mwenye leseni ya nyumba ya watalii aliambiwa kwamba ruhusa aliyopewa ni ya muda, miaka mitano, na Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba mji una haki ya kuiwekea ukomo. Wengi wao ni familia zenye nyumba moja au mbili, na wengine ni kampuni zenye makumi. Wote wamepewa tarehe. Mwenye hoteli ya vyumba 400 katika mtaa uleule, anayetumia maji yaleyale na barabara ileile, kibali chake hakina tarehe. Akikaa nacho miaka mia, ni chake. Akikiuza, kilemba ni chake. Kwa nini?